Tumbo limevimba, hata hewa haitoki: usingoje kesho

Ndugu zangu wa hapa Gorom, mtu mzima akikosa choo siku mbili tunasema amefunga choo tu. Tunampa dawa ya kuharisha au majani ya kuchemsha. Mara nyingi ni kweli amefunga tu. Lakini iko hali inayofanana nayo, nayo huua: utumbo kuziba.

Utumbo ukiziba, chakula hakina pa kupita. Maumivu yanakaza, yanalegea, yanarudi tena. Tumbo linavimba. Mgonjwa anatapika chakula, halafu maji ya kijani, na akicheleweshwa, matapishi yananuka kama kinyesi. Tena hata kujamba hajambi. Tusione haya kulitaja neno hilo, daktari atakuuliza.

Sababu za kawaida ni ngiri iliyobanwa, utumbo kujisokota, au makovu ya operesheni ya zamani. Saratani nayo huziba, na inaweza kuwa imeanzia mbali, hata kwenye mapafu. Chembe zake husafiri na damu, zinakaa kwenye ukuta wa utumbo na kukua huko. Hutokea mara chache. Lakini mgonjwa wa saratani ya mapafu akianza kuumwa tumbo na kutapika, msiseme ni dawa tu zinamsumbua. Wengine hujulikana wana saratani ya mapafu baada ya tumbo kuziba. Kwa hiyo ukienda kwa ajili ya tumbo, taja pia kikohozi cha muda mrefu, makohozi yenye damu au kukonda. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu, na kama sicho na hakiponi, omba picha ya kifua.

Ukiona dalili hizo za tumbo, usimpe chakula, kinywaji, wala dawa ya kuharisha. Usimwingizie maji kwa njia ya haja kubwa. Utumbo ulioziba ukisukumwa unaweza kupasuka. Mlete kliniki saa hiyo hiyo, hata usiku, ili apelekwe hospitali kubwa ya Juba. Huko atatundikiwa maji, atawekewa mpira puani kutoa uchafu wa tumboni, na wengine watapasuliwa. Kwa saratani iliyosambaa, operesheni hufungua njia tu, haimalizi ugonjwa. Hata hivyo mtu anaweza kula tena na kupungukiwa maumivu, na hilo si dogo.

Mje na karatasi zake zote za matibabu, na ndugu mmoja anayejua habari zake.