Kifaa kipi kinafaa kusomea hadithi za katuni?

WAPENZI wa hadithi za katuni wanaonunua kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki kwa kuangalia bei pekee wamo katika hatari ya kupoteza fedha zao, kwani vifaa hivyo vilibuniwa kwa ajili ya riwaya. Kindle ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Amazon ya Marekani Novemba 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 6 kilichoweza kuonyesha viwango vinne tu vya rangi ya kijivu.

Katika riwaya, msomaji akikuza herufi mistari hujipanga upya. Ukurasa wa katuni ni picha moja. Ukipunguzwa ili uenee kwenye kioo, maneno yaliyomo hupungua pamoja nao.

Hivyo ukubwa wa kioo ndilo jambo la kwanza kuzingatiwa. Kitabu cha manga cha Japani kina upana wa takriban sentimita 11 na urefu wa 17, wakati kioo cha inchi 7 kina upana unaokaribia 11 na urefu wa 14. Manga, ambazo nyingi huchapwa kwa wino mweusi, husomeka humo bila taabu. Katuni za Marekani zina upana wa sentimita 17 na urefu wa 26, na kwenye kioo hicho hicho hubanwa hadi karibu nusu. Albamu za Ulaya, kama za Tintin, ni kubwa zaidi. Kwa hizo, kioo kisipungue inchi 10.

Kuhusu rangi, mwaka 2024 zilitoka Kobo Libra Colour na Kindle Colorsoft, zote za inchi 7. Tangazo la nukta 300 kwa inchi ni kweli kwa maandishi meusi. Picha za rangi hupata nukta 150 tu, kwa sababu rangi hutokana na kichujio kilichowekwa juu ya kioo cheusi na cheupe. Matokeo yake ni rangi zilizofifia, mithili ya gazeti lililokaa juani. Anayetaka rangi kali ni heri anunue kishikwambi, ingawa atapoteza betri inayodumu kwa wiki kadhaa na uwezo wa kusoma kwenye jua kali.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni umiliki. Amazon iliinunua comiXology, duka mashuhuri la katuni za kidijitali, mwaka 2014, na Desemba 2023 programu yake ikaunganishwa na ile ya Kindle. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamishia kwenye Kindle kwa waya. Aliyenunua humo, kwa hakika, amenunua ruhusa ya kusoma.

Wachapishaji wengine huuza mafaili yasiyo na kufuli ya aina ya CBZ, ambayo ni kurasa zilizofungwa pamoja. Kobo huyafungua moja kwa moja. Kindle huhitaji yabadilishwe kwanza. Aidha, juzuu moja la katuni huweza kuzidi megabaiti 100, ilhali riwaya nyingi hazifiki tano, hivyo nafasi ya gigabaiti 32 si anasa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kifaa kilichowashwa, afungue ukurasa wa katuni wenye maneno mengi, na ajaribu kuusoma bila kuukuza.