Mgeni Asiyepewa Jembe: Sayansi ya Kuwatunza Watu wenye Ulemavu wa Akili

Msimu wa karafuu unapofika Pemba, hakuna nyumba yenye mikono ya ziada. Katika kijiji cha Ole, kama katika vijiji vingine vya kisiwa hicho, karafuu zilizochumwa mchana huletwa nyumbani, na jioni watu hulizunguka fungu wakazichambua: karafuu huku, makonyo kule. Kesho yake huanikwa juani juu ya majamvi, na wingu likitanda kila mtu hukimbia kuzianua. Wazee huchambua, watoto huchambua, hata aliyekuja kusalimia tu hujikuta vidole vyake vimekwisha anza kazi.

Msomaji na afikirie nyumba mbili za kijijini, ambazo ni za mfano tu, kila moja ikiwa na kijana wa miaka 25 mwenye ulemavu wa akili. Katika nyumba ya kwanza kijana huogeshwa, huvikwa nguo safi, hulishwa akashiba, kisha huketishwa barazani. Hapigwi wala hatukanwi. Watu wanapochambua karafuu, yeye huwatazama. Katika nyumba ya pili kijana wa hali ileile huketi mkekani pamoja na wenziwe. Huchambua polepole; mara nyingine huchanganya makonyo na karafuu, na mama yake mdogo humwonyesha tena. Asubuhi hujaza maji mtungini, na hutumwa dukani akiwa na kikaratasi na fedha mkononi.

Nyumba zote mbili zina mapenzi. Ni ipi basi inayotoa matunzo bora? Wengi wangejibu kwa hisia. Lakini swali hili limechunguzwa na wanasayansi kwa zaidi ya miaka 60, na majibu yao yanafaa kujulikana na kila mwalimu na kila mwanafunzi.

Ulemavu wenyewe

Ulemavu wa akili ni hali inayoanza kabla ya mtu kuwa mzima, ambapo uwezo wake wa kujifunza, kufikiri na kujimudu katika mambo ya kila siku huwa mdogo kuliko wa watu wengi wa rika lake. Hali hii si wazimu, kwani wazimu ni maradhi yanayoweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote. Wala si laana, au malipo ya makosa ya wazazi. Baadhi ya sababu zake zinajulikana vyema: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au upungufu wa madini ya joto katika chakula cha mama mjamzito. Sababu nyingine hutokana na urithi wa chembe za mwili. Mwaka 1959 wataalamu wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza kwamba watu wenye hali iitwayo Down wana kromosomu 47 katika kila chembe badala ya 46. Ile ya ziada ni ya namba 21.

Jambo moja limebadilika sana katika muda wa miaka mia. Katika miaka ya 1920 mtoto mwenye hali ya Down huko Ulaya hakutarajiwa kufika hata miaka 10. Leo, palipo na matibabu mazuri, wengi hukaribia miaka 60. Hii ni habari njema, lakini inaleta swali zito. Zamani mzazi aliweza kutarajia kumzika mwanawe. Siku hizi yapo matumaini kwamba mwana ndiye atakayemzika mzazi. Baada ya hapo ataishi na nani, na ataishije?

Jaribio la Brooklands

Kwa muda mrefu nchi za Ulaya na Marekani zilijibu swali hilo kwa kujenga majumba makubwa ya kuwatenga watu hao, mamia kwa maelfu chini ya paa moja. Iliaminika kwamba hawawezi kujifunza, kwa hiyo chakula, usafi na kitanda vilihesabiwa kuwa vinatosha.

Mwaka 1958 mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, Jack Tizard, aliipima imani hiyo kwa jaribio. Watoto 16 walitolewa katika hospitali kubwa ya London iliyoitwa Fountain, wakapelekwa kuishi katika nyumba ya shamba iitwayo Brooklands. Watoto wengine 16, waliofanana nao kwa umri na uwezo, walibaki hospitalini ili pawe na kipimo cha kulinganishia. Kule Brooklands watoto waligawanywa katika makundi madogo mfano wa familia. Walicheza, walizungumzishwa, walikuwa na walezi waliowazoea. Baada ya miaka miwili, uwezo wa lugha wa watoto wa Brooklands ulikuwa umekua kwa kiasi cha miezi 14. Wa wale waliobaki ulikuwa umekua kwa miezi 6 tu. Ulemavu haukuondoka, lakini ilidhihirika kwamba sehemu ya udhaifu uliodhaniwa kuwa ni wa watoto ulikuwa ni wa matunzo yao.

Ubora hupimwaje?

Tizard na wenzake, Roy King na Norma Raynes, waliendelea na uchunguzi, na mwaka 1971 wakachapisha matokeo ya kulinganisha makao mbalimbali ya watoto. Hawakuanza kwa kuhesabu vyumba. Waliuliza maswali madogo: Je, watoto wote huamshwa kwa wakati mmoja, hata siku isiyo ya masomo? Je, hupangwa mstari wakingoja kuogeshwa? Je, kila mmoja ana nguo zake mwenyewe? Je, walezi hula pamoja nao, au husimama wakiwaangalia? Tofauti kubwa zilionekana, na ukubwa wa jengo peke yake haukutosha kuzieleza. Yaliyotawala ni namna kazi ilivyopangwa: kama ilipangwa kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya wepesi wa mlezi.

Katika miaka iliyofuata David Felce, Jim Mansell na wenzao walichunguza nyumba ndogo za watu wazima wenye ulemavu mkubwa. Walikaa kimya pembeni wakiandika, dakika kwa dakika, kila mtu anafanya nini. Walitambua kwamba hata katika nyumba nzuri yenye walezi wengi, mtu anaweza kushinda kutwa bila kushika kitu wala kusemeshwa. Kuongeza walezi peke yake hakukuondoa hali hiyo. Kilichosaidia ni walezi kujua namna ya kumshirikisha mtu katika kazi.

Ushahidi wa uchungu ulipatikana Uingereza mwaka 2011, pale televisheni ya BBC ilipoonyesha jinsi wagonjwa walivyopigwa na kudhalilishwa katika hospitali binafsi iitwayo Winterbourne View, karibu na Bristol. Hospitali hiyo ilikuwa na nafasi 24 tu, na malipo yake yalikuwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa mgonjwa mmoja. Watumishi 11 walihukumiwa mwaka 2012. Fedha na kuta mpya havikuwa kinga.

Ngazi za msaada

Namna ya kumshirikisha mtu si siri. Kwanza kazi huvunjwa katika hatua ndogo. Mtaalamu wa Marekani, Marc Gold, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba watu walioitwa wasiofundishika waliweza kuunga breki za baiskeli zenye vipande vingi, mradi wafundishwe hatua baada ya hatua. Kuchambua karafuu nako kuna hatua zake: kutwaa kikonyo, kukishika kwa mkono mmoja, kuzikwanyua karafuu kwa mwingine, kutupa makonyo upande wake.

Pili, msaada hutolewa kwa ngazi. Mlezi huanza kwa kuuliza: "Sasa tufanye nini?" Isipotosha, humwambia waziwazi. Isipotosha, humdokezea kwa kidole. Kisha humwonyesha kwa kutenda mwenyewe. Na mwisho kabisa humshika mkono wakatenda pamoja. Siku zinavyopita mlezi hujaribu kushuka ngazi na kupunguza msaada wake. Mwenye kuanzia juu, kwa kumfanyia mwenziwe kila kitu, humnyima nafasi ya kujifunza, hata kama anafanya hivyo kwa huruma.

Tatu, mtu apewe kuchagua. Asiyesema huonyeshwa kanga mbili au vyakula viwili, na macho yake au mkono wake hujibu. Nne, ghasia zake zisomwe kama maneno. Anayejipiga kichwa ghafla huenda ana jino bovu au sikio linalouma. Hapo panahitajika daktari wala si kamba.

Hata hivyo kushirikisha kusigeuke kuwa kutumikisha. Anayechambua na wenziwe apumzike nao. Na wao wakilipwa kwa pishi, naye alipwe kwa pishi.

Mzazi akiondoka

Norwei ilianza kuyafunga majumba yake ya kuwatenga watu hawa kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1991, na watu wakarudishwa kuishi katika wilaya zao, katika makazi ya kawaida yenye wasaidizi. Chama cha nchi hiyo kinachowatetea watu wenye ulemavu wa akili kimeshirikiana kwa miaka mingi na Jumuiya ya Watu wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1999. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatamka katika kifungu cha 19 kwamba kila mwenye ulemavu ana haki ya kuishi miongoni mwa watu na kupata msaada unaomwezesha. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake mwaka 2006, na nyingine mwaka 2022.

Pemba ina jambo ambalo Ulaya ililazimika kulitafuta upya: mwenye ulemavu aghalabu yuko nyumbani, kati ya jamaa na jirani. Lakini kuwa nyumbani si sawa na kushiriki. Kijana wa nyumba ya kwanza siku mamaye akifariki atahamia kwa ndugu akiwa hajui kuoga peke yake, hakuna dukani anayejua jina lake, na mzigo wote utamwangukia mtu mmoja. Kijana wa nyumba ya pili atahuzunika vilevile, lakini atahama na ujuzi wake. Mwenye duka anamjua, sheha anamjua, na mlezi mpya ataelezwa anachopenda na anachoogopa. Matunzo bora ya leo ni urithi wa kesho.

Mwanafunzi anaweza kuuanza uchunguzi huu bila chombo chochote. Kwa idhini ya wenye nyumba na ya mhusika mwenyewe, na aketi naye saa moja, na kila baada ya dakika tano aandike mambo matatu: anafanya nini, nani amemsemesha, na amechagua nini. Karatasi ikibaki tupu, tatizo limeonekana. Na nyumba yenyewe inaweza kuanza kulitatua jioni ileile.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba jembe si adhabu: ndilo linalomfanya mgeni kuwa mwenyeji. Katika nyumba nyingi yuko mtu aliyezaliwa humo, akakulia humo, na baada ya miaka 25 bado ni mgeni. Mkekani nafasi ipo. Na asogezewe fungu lake la karafuu.