Diski ya Masafa ya Kati Katika Hewa Nyepesi ya Ufipa

Diski ya masafa ya kati ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko nyingine zote katika gofu ya diski, na kwa mchezaji anayeweza kununua moja tu, ndiyo ya kununua. Mchezo wenyewe hufuata utaratibu wa gofu ya kawaida. Mchezaji hurusha akiwa mahali palipotengwa, huifuata diski ilikoangukia, hurusha tena kutoka hapo, na huendelea hivyo mpaka iingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Anayefika kwa mirusho michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Diski za masafa marefu zina ukingo mpana wenye makali na hutaka mkono wenye nguvu. Zile za kumalizia karibu na kikapu zina ukingo butu na huenda polepole. Ya kati iko baina ya hizo: ina kasi ya kutosha kuvuka uwanja mfupi, lakini mkono wa anayeanza hauishindwi.

Kipenyo cha diski hizi kwa kawaida hukaribia sentimita 21.7. Kanuni za PDGA, chama cha wachezaji kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, haziruhusu uzito kupita gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Ndiyo sababu nyingi huishia kwenye gramu 180.

Mchezo ulikulia California. Ed Headrick, aliyekuwa mtumishi wa Wham-O, kampuni iliyouza visahani vya Frisbee, ndiye aliyesanifu uwanja wa kwanza wa kudumu pale Oak Grove mwaka 1975. Muda mfupi baadaye akabuni kikapu cha minyororo. Kabla ya hapo watu walilenga miti, nguzo na mapipa ya taka. Mwaka 1983 kampuni ya Innova ilitoa Eagle, diski ya kwanza yenye ukingo uliochongwa kwa mshazari, na tangu hapo visahani vya kuchezea ufukweni na diski za gofu vikaachana njia. Katika masafa ya kati, majina mawili yamedumu: Roc ya Innova, iliyotoka mwaka 1987, na Buzzz ya Discraft, iliyotoka mwaka 2003. Diski mpya ikitoka, wachezaji huuliza kwanza inatofautianaje na hizo mbili.

Afrika Mashariki, wengi wameijua diski kupitia ultimate, mchezo wa timu unaochezwa Kampala na Nairobi. Aliyepitia huko tayari anajua kuzungusha kifundo cha mkono. Ila diski ya ultimate ni pana, karibu sentimita 27, na uzito wake ni gramu 175. Ya gofu ina karibu uzito huohuo uliobanwa katika umbo dogo zaidi, kwa hiyo huchana hewa haraka na hukosoa upesi mkono uliokosea.

Kwenye diski nyingi huandikwa namba nne, nazo ni kasi, kuelea, kupinda kwa mwanzo na kukunja kwa mwisho. Roc hupewa 4, 4, 0 na 3. Buzzz hupewa 5, 4, -1 na 1. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuuvuta mkono kupitia kifuani, diski huzunguka kama mishale ya saa ikitazamwa kutoka juu. Namba ya tatu ikiwa hasi, diski itapinda kuelekea kulia ingali na kasi. Namba ya nne inasema itakunja kushoto kwa kiasi gani ikishachoka. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, mambo yote hugeuka. Diski inayokataa kupinda na kukimbilia kushoto mapema inaweza kuitwa kaidi. Inayopinda kirahisi, legevu.

Namba hizo ni za kutazamwa kwa tahadhari. Hutolewa na watengenezaji wenyewe, kila mmoja kwa kipimo chake, na hazisemi diski ilijaribiwa kwenye mwinuko gani. Mchezaji wa pwani anaweza kulipuuza hilo. Wa Sumbawanga, mji wa uwanda wa juu wa Ufipa, hawezi.

Sababu huanzia kwenye mzunguko: kitu kinachozunguka kwa kasi hakitii msukumo moja kwa moja. Hewa ikijaribu kuinua pua ya diski, pua haiinuki. Diski yote hulala ubavu. Diski inapotoka mkononi kwa kasi, nguvu ya hewa inayoiinua hukaa nyuma kidogo ya kitovu na kuisukuma pua chini, na kwa diski inayozunguka kama saa matokeo yake ni kulala kulia. Kasi inapopungua, diski huanza kushuka, hewa huipiga zaidi kutoka chini, na nguvu ile husogea mbele ya kitovu. Pua husukumwa juu, na diski hulala kushoto. Mkunjo wa mwisho ambao wanaoanza huudhani ni kosa la mkono ni tabia ya diski yenyewe.

Nguvu zote hizo, za kuinua, za kuzuia na za kupindisha, hutegemea uzito wa hewa. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ardhi huzidi kupanda kuelekea milima ya Mbizi na nyanda za Malonje. Siku ya nyuzi 20 za Selsiasi, hewa ya mji huo ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya Dar es Salaam yenye joto lake la kawaida. Ni sababu hiyohiyo inayofanya ndege zihitaji njia ndefu zaidi kupaa kwenye viwanja vya miinuko, na inayoufanya mpira wa adhabu katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini humo upinde kidogo kuliko anavyotarajia mpigaji aliyetoka Dar es Salaam.

Wengi hukisia kwamba katika hewa nyepesi kila kitu huruka mbali zaidi. Kwa jiwe au mpira wa miguu, sawa. Diski ni jambo jingine, kwa kuwa hewa inayoizuia ndiyo hiyohiyo inayoibeba. Ufipani diski huhifadhi kasi yake vizuri kidogo, lakini hubebwa kidogo na kupindishwa kidogo, ikaanguka mapema. Kwa macho ya mrushaji imekuwa kaidi. Buzzz yenye -1 yake huweza kwenda kana kwamba imeandikwa sifuri. Roc ya mkono wa kawaida hunyooka kidogo tu kisha huzama kushoto. Ili hewa ya Sumbawanga itoe nguvu sawa na ya pwani, diski inapaswa kutoka mkononi kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 10, na mkono haupati nyongeza hiyo kwa kutaka tu. Lililo rahisi zaidi ni kuchagua diski legevu kuliko ile ambayo kitabu chochote cha wanaoanza kingependekeza, na yenye uzito mdogo zaidi, gramu 160 hadi 170 badala ya 180, kwa sababu diski nyepesi huinuliwa na hata hewa hafifu.

Upepo nao hutia mkanganyiko. Kuanzia Mei mpaka Oktoba, msimu wa kiangazi, pepo za kusi huvuma juu ya uwanda huu wa nyasi wenye miti michache ya kuzizuia. Mrusho wa mchezaji wa kawaida hutoka kwa mita 20 hivi kwa sekunde. Upepo wa mbele wa mita 2 kwa sekunde, unaotikisa majani tu, unatosha kuongeza kasi ya diski dhidi ya hewa kwa asilimia 10, yaani kurudisha karibu yote yaliyopotea kwa sababu ya mwinuko. Kwa hiyo anayeijaribu diski mpya huku upepo ukimpiga usoni ataiona kama ya pwani, ataisifu, na kesho yake hewa ikitulia atashangaa imebadilika. Upepo wa mgongoni hufanya kinyume: huzidisha ukaidi na kuiangusha diski chini mapema. Jaribio la maana hufanywa saa ambayo nyasi zimesimama, mara nyingi asubuhi, umande ukishakauka. Lisipowezekana, kila mrusho wa kwenda ufuatwe na mrusho wa kurudi.

Uwanja rasmi si lazima. Malisho mafupi au shamba lililovunwa linatosha, mradi mwenyewe ametoa ruhusa na hakuna watu wala mifugo mbele. Gramu 170 za plastiki ngumu zikimpata mtu usoni zinaumiza kweli. Mashamba ya matuta ya mviringo, ambayo Wafipa huyatengeneza kwa kufukia nyasi ili zirutubishe udongo, hayafai kwa mwendo wa kujiandaa kurusha. Miezi ya mvua nyasi ndefu humeza diski, na hata kiangazi rangi ni jambo la kufikiriwa: ya njano hupotea katika nyasi zilizokauka, ya kijani hupotea masika, na ya pinki huonekana mwaka mzima. Kwa kitu kinachouzwa Marekani kwa dola 10 hadi 20, na ambacho huku hufika kwa mkono wa msafiri au kwa posta, rangi si pambo.

Kabla ya kurushwa, diski hukaguliwa kwa vidole. Iwekwe juu ya meza ili kuona kama imepinda, kisha mgongo wake ubonyezwe: ulioinuka kama kawa huelea zaidi kuliko ulio bapa, na diski mbili za jina moja zinaweza kutofautiana hapo. Uzito uliopigwa muhuri hufaa kuhakikishwa kwa mizani ndogo. Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, plastiki iliyolala nje huwa ngumu na yenye kuteleza, na mrusho wa kwanza hutoka mkononi kabla ya wakati. Diski ipashwe joto ndani ya koti kwanza, na kitambaa cha kuifutia kiwe karibu.

Mirusho ya mwanzo iwe mifupi, mita 30 hivi, bila kukimbia, ikilenga mti au ndoo iliyopinduliwa. Umbali hauna maana bado. Kinachotazamwa ni kama diski inatoka bila kutetemeka, kwa kuwa mrusho unaotetemeka hauonyeshi chochote kuhusu diski. Unaonyesha mkono tu. Ikishatulia, ndipo mrushaji aongeze nguvu kidogo kidogo na kutazama inapoanza kunyooka na inapoanza kukunja. Anayeanza akifikisha mita 50 au 60 kwa diski ya kati hajafanya vibaya. Wazoefu huvuka 80.

Jaribio lililo bora, na ambalo wengi huliruka, ni la kupokezana. Diski mpya hurushwa, kisha ya zamani ambayo tabia yake inajulikana, kisha mpya tena, kwa nguvu ileile na shabaha ileile. Kurusha mpya peke yake jioni nzima huufundisha mkono kuizoea, na kasoro zake hufichika. Mirusho ipate kumi kwa kila diski, na kila inapoangukia pawekwe kijiti. Mwishoni vijiti husema mambo mawili tofauti: umbali wa wastani, na upana wa eneo vilipotawanyika. Kwa masafa ya kati, la pili ni zito zaidi. Diski inayoanguka mita tano pungufu kila mara lakini mahali pamoja humsaidia mchezaji kuliko inayofika mbali siku moja na kupotea kichakani siku inayofuata.

Baada ya hapo hujaribiwa kwa pembe. Ikirushwa ubavu wake wa kushoto ukiwa chini, diski kaidi huchora upinde mmoja hadi ardhini, ilhali legevu huinuka taratibu na kunyooka. Ikirushwa ubavu wa kulia ukiwa chini, swali ni kama itabaki katika upinde huo au itajirudi kushoto mapema. Katika hewa ya Ufipa karibu zote hujirudi mapema, na hapo ndipo tofauti kati ya diski mbili za kati huonekana wazi kuliko katika mrusho ulionyooka.

Mkoa wa Rukwa una bahati moja ambayo viwanja vingi duniani havina. Kutoka uwandani, barabara hushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 800 juu ya bahari. Upande wa pili, safari ya zaidi ya kilomita 100 kupitia Matai hufika Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika lenye mwinuko wa mita 773. Hewa ya chini huko, pamoja na joto lake, ni nzito kwa karibu asilimia 9 kuliko ya mjini Sumbawanga. Diski iliyorushwa Sumbawanga asubuhi na Muze mchana itaonyesha tofauti hiyo: itabebwa kwa muda mrefu zaidi na kupinda kulia pale ilipokuwa ikinyooka. Anayecheza sehemu zote mbili hahitaji diski mbili, ila ashushe ubavu wa kushoto wa diski kidogo zaidi anapokuwa bondeni.

Hukumu ya siku ya kwanza hata hivyo ni ya muda. Diski hubadilika kwa kugonga mawe na magogo: ukingo hupata makovu, na kila kovu huilegeza kidogo. Plastiki ya bei ya chini hulegea upesi. Ile ngumu ya bei ya juu hukaa muda mrefu na tabia yake ya dukani. Pwani wachezaji hupenda ile inayodumu. Ufipani, ambako karibu kila diski huanza ikiwa kaidi kupita kiasi, plastiki ya bei ya chini mara nyingi ndiyo inayofaa kwa masafa ya kati, kwa sababu baada ya miezi michache ya mawe huwa imefikia ulegevu ambao mkono wa kawaida unauhitaji.