Pumzika, Bibi

Ndugu wanapokwenda kukagua nyumba ya kulea wazee, pua ndiyo hutangulia kuingia. Kama hakuna harufu ya mkojo, nusu ya mtihani imepita. Kisha wanagusa shuka, wanachungulia jikoni, wanauliza daktari huja mara ngapi, wanasikiliza wahudumu wanavyoamkia wazee. Nyumba ndogo ya wazee wanane au kumi, yenye ua na mti wa kivuli, hufaulu kirahisi. Wanarudi makwao roho zimetulia.

Baada ya miezi kadhaa, bibi aliyeingia akijifunga kanga mwenyewe analishwa kwa kijiko. Hakupigwa, hakutukanwa, hakulala njaa. Alipendwa, na mapenzi ya namna hiyo ndiyo yaliyommaliza miguu.

Mambo huanza asubuhi. Wahudumu wawili, wazee kumi, na uji unatakiwa mezani saa mbili. Bibi ana vifungo vitano vya gauni na vidole vilivyokazwa na baridi yabisi. Akiachiwa, atamaliza robo saa.

“Niache mwanangu, nafunga mwenyewe.”

“Pumzika, bibi. Sasa mimi nimewekwa hapa kwa kazi gani?”

Vifungo vinafungwa mara moja, na kila aliyepo anaona hiyo ndiyo adabu. Siku zinavyokwenda, bibi haombi tena kuachwa. Anainua kidevu tu afungwe, kama mtoto wa chekechea anayevalishwa sare.

Msalani hadithi ni hiyo hiyo. Kumsindikiza mzee kwa mwendo wake, mara tano kwa siku, ni kazi ya kuchosha. Pampasi huvalishwa mara moja ikaisha. Basi anavalishwa mtu ambaye kujizuia anaweza kabisa, kosa lake ni kutembea polepole. Akishazoea kukaa, misuli nayo inaaga. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima. Aliyetoka kwenye kiharusi hana hata hiyo kilo ya kuchezea.

Wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walilipima jambo hili kwa njia nyingine mwaka 1976, katika nyumba ya wazee ya Arden House, jimbo la Connecticut. Wazee 91 waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza waliambiwa maisha yao yako mikononi mwao: wapange vyumba wanavyotaka, wachague usiku wa kutazama sinema, na anayetaka achukue mche wa maua autunze mwenyewe. Kundi la pili waliambiwa kwa upole kwamba wahudumu wapo kuwafurahisha; nao wakapewa mche kila mmoja, ila wa kuumwagilia ni nesi. Wiki tatu baadaye, kundi la kwanza lilikuwa limechangamka zaidi, na hata manesi, ambao hawakuambiwa jaribio linahusu nini, waliiona tofauti. Miezi 18 baadaye waliokufa katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 15, na katika la pili asilimia 30. Makundi yalikuwa madogo na hesabu hiyo ya vifo imebishaniwa, kwa hiyo siitegemei sana. Ninachokiangalia ni nesi na kopo lake la maji. Hakuna aliyewatendea ubaya wazee wale wa kundi la pili. Ule wema wenyewe ndio uliowanyang’anya kazi.

England wamejaribu kuliweka hili la kumwachia mtu mambo yake katika sheria. Sheria yao ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia inataka kila mtu mzima achukuliwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na inakataza kumhesabu mtu hana uwezo eti kwa sababu uamuzi wake unaonekana si wa busara. Babu akitaka kukesha na mpira, akeshe. Wakaguzi wa serikali, Care Quality Commission, huipa kila nyumba daraja moja kati ya manne, na daraja hilo lazima libandikwe mahali mgeni ataliona. Kwa watu wenye ulemavu wa akili na usonji, wakaguzi hao hao wanahimiza nyumba ndogo, kwa kawaida za watu wasiozidi sita.

Wakaguzi nao si malaika. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilionyesha wagonjwa wenye ulemavu wa akili wakiteswa katika hospitali binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol. Wafanyakazi 11 walikiri makosa, sita wakafungwa. Tume hiyo ya wakaguzi ilikuwa imeshapelekewa taarifa na mfanyakazi mmoja, ikalala nayo.

Wala udogo peke yake si dawa. Katika nyumba ndogo mwenye nyumba ndiye meneja, ndiye mshika ufunguo, na akisinzia yeye, wote wamelala. Ukigombana naye huna pa kusemea. Faida yake ni moja, nayo ni kubwa: mhudumu ni yule yule kila asubuhi, anajua bibi huanza kuvaa kwa mkono wa kushoto na kwamba asiharakishwe kabla ya chai.

Huko England ndiko waliko baadhi ya vijana wetu, waliokwenda kwa viza ya uhudumu iliyofunguliwa mwaka 2022 na kufungwa kwa waajiriwa wapya wa nje Julai 2025. Kwa kijana aliyelelewa Tanga au Kisumu, kusimama pembeni akimtazama mzee akihangaika na soksi ni aibu tupu. Angefanya hivyo kwao, mama yake angemfokea mbele za watu. Malezi hayo siyakejeli. Ndiyo yaliyotufanya tuwe na bibi zetu majumbani. Lakini nadhani yanatudanganya kwa kiasi fulani: tunamtumikia mzee ili sisi tuonekane wenye adabu, na matakwa yake tunayajua bila kumuuliza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 57, inaorodhesha haki za wazee kwa mpangilio unaonipendeza. La kwanza ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Matunzo ya familia na serikali yako mwisho wa orodha. Zanzibar nayo, tangu Aprili 2016, ikaanza kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Pesa ndogo, lakini ni yake. Anaweza kumtuma mjukuu tambuu bila kuomba. Ndiyo maana ukimpeleka mzee wako mahali, ulizia pesa yake itashikwa na nani na simu yake itakaa wapi. Swali hilo linamfaa pia dada wa kazi anayebaki na mama nyumbani, maana wazee wetu wengi wako huko.

Hofu ya mzee kuanguka akiachwa atembee mwenyewe si ya kubeza. Nyonga ikivunjika kwa mtu wa miaka 80, wengi hawainuki tena. Vyuma vya kushikia ukutani msalani, taa inayowaka usiku kucha, kiti chenye mikono kisicho kifupi mno, viatu vinavyoshika kisigino badala ya ndala: vyote hivyo vinasaidia, na havina gharama ya kutisha. Hatari inabaki. Inafaa basi meneja, ndugu na mzee mwenyewe wakae, waandikiane kwamba bibi atatembea, anaweza kuanguka, na wote wamekubali. Bila karatasi hiyo, mhudumu wa mshahara mdogo hawezi kubeba peke yake lawama ya mwana aliyeko Dubai, na ana kila sababu ya kumkalisha mzee kwenye kiti kutwa nzima.