Kadi zinazoitana: siri ya kupanga maarifa kwenye karatasi

Mwanafunzi wa uuguzi huandika habari za malaria katika daftari la vimelea, na za selimundu katika daftari la magonjwa ya damu. Madaftari hayo yanaweza kukaa pamoja miaka mitatu bila kukutana. Lakini mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Alikuwa amebaini kwamba jeni hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu nyanda za juu kusiko na malaria nyingi.

Uhusiano wa namna hii ndio unaopotea tunapopanga maarifa kwa mada peke yake. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998, alikuwa na njia nyingine. Aliacha kadi zipatazo 90,000, ambazo leo zinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Bielefeld. Kila kadi ilibeba hoja moja na namba isiyobadilika. Kadi 57/12 hufuatwa na 57/13. Ikija hoja inayopanua ile ya 57/12, hupewa namba 57/12a na kupachikwa papo hapo. Inayopanua hiyo nayo huwa 57/12a1. Sanduku hukua kwa ndani bila kupangwa upya, na kwa kuwa namba haihami, kadi yoyote inaweza kuitaja nyingine iliyo droo ya mbali.

Ubongo unauhitaji sana msaada huu. Kumbukumbu ya muda mfupi hushika mambo kama manne tu kwa wakati mmoja, na jambo lisilofungamana na tunalolijua tayari husahaulika upesi. Mwaka 1969 Gordon Bower na wenzake walionyesha kwamba maneno yaliyopangwa kwa uhusiano wake hukumbukwa zaidi ya mara mbili ya yaliyochanganywa ovyo.

Sanduku la viatu linatosha kuanzia. Andika kwa maneno yako mwenyewe, maana kunakili hakumlazimishi mtu kufikiri. Nami nasisitiza hili kuliko yote: usiandike “tazama 14/3b” ukaishia hapo. Andika “tazama 14/3b: jeni hii hupunguza makali ya malaria”. Namba isiyo na sababu, mwakani hata wewe uliyeiandika hutajua ilikuwa inakupeleka wapi.