Mnene naye huishiwa damu

Msomaji, ukimwona mama mnene akishika ukuta kwenye ngazi za ghorofa, huku kichwa kikimzunguka, huenda ukasema ni uzito tu. Mwenyewe pia hudhani hivyo. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba upungufu wa damu ni shida ya waliokonda. Sivyo.

Mafuta yaliyorundikana mwilini, hasa tumboni, hayakai kimya. Hutoa kemikali zinazoufanya mwili ujione kana kwamba unapigana na maradhi siku nenda siku rudi. Ini likipata habari hiyo hutoa kwa wingi homoni iitwayo hepsidini. Homoni hii hufunga mlango ambao madini ya chuma hupitia kutoka kwenye utumbo hadi kwenye damu. Wakati wa maradhi hiyo ni busara, kwani viini navyo huhitaji chuma ili vizaane. Lakini kwa mtu mnene mlango hubaki umerudishwa mwezi baada ya mwezi, ilhali kila hedhi humtoa mwanamke chuma kingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa wanawake wenye uzito wa kupita kiasi walifyonza takriban thuluthi mbili tu ya chuma walichofyonza wenzao wa uzito wa kawaida. Hata vitamini C, ile tunayoisifia machungwa, iliwafaa nusu tu. Basi usimlaumu dada yako kwamba hali sukuma wiki!

Kuna mtego mwingine kwenye maabara. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda mwili ukiwa katika hali hiyo ya mapambano, na jibu likaonekana zuri ilhali ghala ni tupu. Kwa hivyo mwambie daktari azingatie uzito wako anapolisoma.

Kupunguza uzito husaidia, maana hepsidini nayo hushuka. Hata hivyo, usijinyime chakula ukashindia chai na mkate. Chai yenyewe huzuia chuma. Iache hadi saa moja hivi baada ya mlo. Nyama na omena zina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kuliko cha ndengu au mboga. Vidonge vya chuma visubiri upimwe kwanza. Ukishapewa, usishtuke choo kikiwa cheusi, ni kawaida.