Tumbo Likibanwa, Pumzi Hukatika

Mwaka 2004 jumba la opera la Covent Garden, London, lilimwondoa mwimbaji wa Marekani Deborah Voigt katika onyesho la Ariadne auf Naxos. Sauti yake haikuwa na kasoro. Mhusika alitakiwa avae gauni jeusi la jioni, na wenye onyesho wakaona halitamkaa kwa unene wake.

Kwa hiyo msanii mnene anayehisi kwamba anapimwa kwa macho hawezi kuambiwa tu kuwa anajishuku bure. Hata hivyo, jicho linalomwangusha mara nyingi ni lake mwenyewe.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia Barbara Fredrickson na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo ama nguo ya kuogelea ama sweta, kila mmoja akaivaa peke yake mbele ya kioo, kisha akafanya mtihani wa hesabu. Wasichana waliovaa nguo za kuogelea walipata alama za chini kuliko wenzao wa sweta. Chumbani hamkuwa na mtu wa kuwatazama! Sehemu ya akili yao ilikuwa imebaki inakagua mwili.

Kwa mwimbaji, ukaguzi huo hula pumzi. Tunapovuta hewa, kiwambo, yaani ule msuli ulio chini ya mapafu, hushuka na kusukuma vilivyomo tumboni, tumbo likatokeza mbele. Mwenye kuona haya hulibana ili kitambi kisionekane. Kiwambo kinakosa pa kushukia, mabega yanapanda, shingo inakaza, na mstari mrefu wa wimbo unakatika katikati. Kila ubeti ukiisha, mkono unashuka kuvuta blauzi. Watazamaji hawakuwa na habari na kitambi. Mkono ule ndio unaowaonyesha.

Kupungua nako hakumalizi kazi. Voigt alifanyiwa upasuaji wa tumbo mwaka huohuo, akapungua sana, na mwaka 2008 akaimba nafasi ileile katika jumba lilelile. Lakini alieleza kwamba egemeo la pumzi, lililokuwa likija lenyewe, sasa lilimtaka alifikirie na akumbuke kuacha mbavu wazi.

Na watu wanaona kiasi gani? Katika utafiti wa Thomas Gilovich na wenzake uliochapishwa mwaka 2000, wanafunzi waliingizwa chumbani wakiwa na fulana ya kuwaaibisha, yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow. Walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangeitambua. Walioitambua walikuwa kama robo. Jukwaani kuna taa, ni kweli, na hesabu hiyo haiwezi kuhamishiwa huko kama ilivyo.

Wapo pia wasiojificha. Mwanamuziki Pépé Kallé wa bendi ya Empire Bakuba hakutaka kufichika hata kidogo. Jitu lile la Kinshasa, lililotajwa kuwa na kilo zipatazo 150, liliitwa tembo na likacheza mbele ya umati bila kujikunyata. Alifariki kwa mshtuko wa moyo mwaka 1998, na uzito kama suala la afya una daktari wake. Jukwaani, mwili ule ulikuwa nembo yake.

Asiye na ujasiri wa Kallé aanzie kwa fundi cherehani. Kiuno kipimwe mara mbili, pumzi ikiwa imetoka na ikiwa imejaa, na gauni likatwe kwa kipimo cha pili. Kisha alivae mazoezini siku kadhaa kabla ya onyesho, aimbe wimbo mzima, na kila mkono unapokwenda kulivuta gauni, mwalimu wake wa uimbaji amsimamishe aanze ubeti upya.